BAISKELI YA KWENDA KAZINI: TUNUNUE IPI?



Hapa kwetu mpakani baiskeli si kitu kigeni. Neno boda boda, ambalo leo linatumika kutoka Kampala hadi Mombasa na kupita hapo, lilizaliwa huku huku Busia na Malaba katika miaka ya 1960 na 1970. Vijana walibeba abiria na mizigo juu ya keria, kutoka boda ya upande mmoja hadi boda ya upande wa pili. Zilikuwa baiskeli nyeusi za chuma, za gia moja, zilizofungwa mto juu ya keria ili abiria asiumie. Baiskeli zile zililisha nyumba nyingi, hata katika miaka migumu ya utawala wa Amin, 1971 hadi 1979, bidhaa zilipoadimika Uganda. Baadaye zilikuja pikipiki, zikachukua kazi ile na jina lake pia.

Leo mtoto wa yule aliyekuwa akibeba watu kwa baiskeli yeye mwenyewe hubebwa. Mfanyakazi wa saruji Tororo, wa shamba la miwa Busia au wa bohari pale mpakani hupanda pikipiki asubuhi na hupanda tena jioni. Nauli ile hailalamikiwi sana kwa sababu hutoka kidogo kidogo. Lakini hebu tufanye hesabu. Tuchukue mfano wa mtu anayelipa shilingi 100 za Kenya kwenda na 100 kurudi, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 5,200 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 62,400. Ndugu yetu wa Tororo afanye hesabu hiyo hiyo kwa shilingi zake za Uganda, kisha aiweke kando ya hati yake ya mshahara aone.

Kwa sababu hiyo wafanyakazi wengi wameanza kutazama tena baiskeli. Huko madukani wanakuta aina mpya zenye rangi za kupendeza na gia nyingi, na muuzaji anawaambia, "Hii ni haibridi, ndiyo ya kisasa." Je, inatufaa? Tumeona vema tulichambue jambo hili, maana mshahara wa mwezi mzima ukitumbukia katika kitu kibovu hakuna wa kuurudisha.

HAIBRIDI NI NINI?

Neno hili wakulima wanalijua. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walipotoa mahindi ya Hybrid 611, wazee wetu walifundishwa kwamba mbegu ya haibridi ni chotara, mbegu mbili zilizounganishwa ili kupata uzuri wa zote mbili. Baiskeli ya haibridi ni vivyo hivyo. Imechukua magurudumu makubwa na wepesi wa baiskeli ya mashindano ya barabarani, ikachukua usukani ulionyooka, tairi pana kiasi na gia za chini za baiskeli ya milimani. Mwendeshaji hukaa wima kiasi, anaona mbele vizuri, na anaweza kupita kwenye lami na kwenye murramu.

Uzito wake kwa kawaida ni kati ya kilo 12 na 15. Ile nyeusi ya zamani, inayoitwa Black Mamba huko Kenya, hufika kilo 20 hivi. Mtu anayetoka kusimama kwenye mashine saa nane, kisha akakuta mlima njiani, atajua maana ya tofauti hiyo.

Lakini wakulima wanajua na jambo la pili. Mbegu ya haibridi huzaa vizuri ikipata mbolea na matunzo. Ikitupwa mahali ambapo havipatikani, mbegu ya asili huweza kuishinda. Mbolea ya baiskeli ni vipuri na fundi. Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza, ambayo mengine yote yanaifuata, ni hii: usinunue baiskeli ambayo vipuri vyake havipatikani katika soko unalokwenda kila Jumamosi.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Tuseme baiskeli moja inauzwa 9,000 na nyingine 15,000. Ile ya 9,000 inakula 2,000 kila mwezi kwa matengenezo; ile ya 15,000 inakula 500. Mwaka ukiisha, ya kwanza imekugharimu 33,000 na ya pili 21,000. Ile iliyoitwa rahisi ndiyo iliyokuwa ghali. Na kama ulikuwa ukilipa nauli ya 5,200, ile ya 15,000 inarudisha fedha zako kabla mwezi wa nne haujaisha.

KWANZA TAZAMA NJIA NA MZIGO

Kabla ya kuingia dukani jiulize mambo mawili. Njia yako ikoje? Utabeba nini?

Kama unakaa mjini Busia au Tororo, njia yako ni lami na kipande cha murramu, na mzigo wako ni chakula cha mchana na nguo za kazi, basi haibridi inakufaa. Chagua yenye tairi ya upana wa milimita 35 hadi 45. Tairi nyembamba haitufai huku. Barabara zetu mbili, ya Busia na ya Malaba, ndizo njia za malori yatokayo Mombasa kwenda Kampala na mbele zaidi. Lori likikupigia honi kutoka nyuma utalazimika kushuka pembeni mwa lami, na pembeni kuna kokoto na mashimo. Tairi nyembamba itakuangusha hapo.

Kama baiskeli hiyo hiyo ndiyo itakayobeba gunia la mahindi kwenda kusaga, mitungi ya maji, au mama na mtoto kwenda hospitali, haibridi haikufai. Keria nyingi za haibridi zimetengenezwa kubeba kilo 25 tu. Mara nyingi tarakimu hiyo imeandikwa juu ya keria yenyewe. Gunia la kilo 90 litaivunja, na spoki zitafuata. Mwenye mahitaji hayo abaki na ile nyeusi ya chuma, iwe ya India kama Hero, au ya China kama Phoenix. Kuna pia Buffalo, iliyobuniwa na shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, kwa ajili ya barabara za Afrika. Keria yake hubeba kilo 100. Ni nzito, lakini imeundwa kwa kazi hiyo.

Hakuna aibu yoyote katika kuchagua baiskeli nyeusi. Aibu ni kununua gia 21 na kuzisukuma kwa mguu.

SOMA TARAKIMU ZA TAIRI

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu anaambiwa baiskeli yake ni ya "inchi 28", anakwenda dukani kununua tairi ya inchi 28, anarudi nyumbani na tairi haiingii. Hakudanganywa, ni kwamba inchi 28 ziko za aina zaidi ya moja.

Kila tairi ina tarakimu zilizoandikwa ubavuni, kwa mfano 40-635. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa juu ya ringi, nacho ndicho cha kuangalia. Zikumbukeni hizi:

635 ni ya baiskeli nyeusi, inchi 28 kwa moja na nusu.

622 ni ya haibridi nyingi. Huandikwa pia 700C, na mara nyingine nayo huitwa inchi 28. Haiingiliani na 635 hata kidogo.

559 ni ya baiskeli nyingi za milimani za inchi 26.

590 ni ya inchi 26 nyingine, inayokuja sana na baiskeli za mtumba kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele.

Kabla ya kulipa, andika tarakimu hiyo katika karatasi, nenda kwa wauza vipuri watatu sokoni, uliza kama wana tairi na tyubu zake. Kama wote watatu wanazo, rudi ukanunue. Kama hakuna aliye nazo, iache baiskeli hiyo hata ikipunguzwa bei namna gani.

GIA, BREKI NA SPRINGI

Gia nyingi si uzuri. Gia 21 maana yake ni meno ya mbele matatu na ya nyuma saba. Kwa miinuko yetu, sita au saba za nyuma peke yake, na moja au mbili mbele, zatosha kabisa. Jambo la muhimu ni kwamba friwili ya nyuma isizidi meno sita au saba, kwani hizo ni za bei nafuu na fundi wa kando ya barabara anaweza kuifungua na kuibadilisha. Ukienda kwenye tisa, kumi na kuendelea, cheni ni nyembamba zaidi, vipuri ni ghali, na pengine utavifuata Kisumu au Kampala.

Breki zitazamwe kwa makini kuliko rangi. Breki za kubana ringi zinazovutwa kwa waya ni nzuri na hutengenezeka kwa koleo na spana. Lakini angalia ringi yenyewe. Ringi ya chuma inayong'aa, ikilowa mvua, breki huteleza juu yake. Ringi ya alumini hushika vizuri zaidi. Chukua sumaku ndogo uiguse kwenye ringi. Ikishika, hiyo ni chuma. Ikikataa, ni alumini. Breki za diski zinazotumia mafuta tuwaachie wenye fundi wao.

Ama uma wa mbele wenye springi, tunasema wazi: katika baiskeli ya bei ya chini springi ile ni pambo. Inaongeza uzito, inashika kutu baada ya mvua za msimu mmoja, na hakuna anayeitengeneza. Uma mgumu wa chuma na tairi pana isiyojazwa upepo kupita kiasi vitakupunguzia mishtuko vizuri zaidi.

IPIMWE MWILINI

Kiatu kisichokutosha hakinunuliwi, na baiskeli nayo ni hivyo hivyo. Simama juu ya bomba la juu la fremu, miguu yote miwili chini. Kuwe na nafasi ya inchi moja au mbili kati yako na bomba. Kisha kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukianza kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini mno, magoti yataanza kuuma baada ya wiki chache, na watu watasema baiskeli ni mbaya kumbe ni spana moja tu iliyohitajika.

Dada zetu wa viwandani na mashambani wasikubali kuambiwa kwamba baiskeli ni ya mume. Zipo fremu zisizo na bomba la juu, ambazo mtu huzipanda akiwa na sketi au kanga bila taabu, na magurudumu na gia ni zile zile.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mwenye kukaa kilomita nne kutoka kazini, akienda mwendo wa kilomita 16 kwa saa, hutumia dakika 15 kwenda na 15 kurudi. Siku tano ni dakika 150 kamili. Anayekata miwa au kubeba mifuko ya saruji mchana kutwa hahitaji kuambiwa afanye mazoezi; kwake faida ya baiskeli ni kufika nyumbani mapema apumzike. Lakini kwa anayesimama mahali pamoja kwenye mashine, au anayekaa ofisini kuandika, dakika hizo ni dawa ya moyo na ya shinikizo la damu.

MTUMBA NA RISITI

Haibridi nyingi katika bei yetu ni za mtumba. Mtumba si mbaya ukiukagua. Igeuze baiskeli, zungusha kila gurudumu uone kama linayumba. Shika krenki uitikise. Ikicheza, gololi za ndani zimekwisha. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, hasa chini ya usukani, utafute ufa uliofichwa na rangi mpya. Kwa cheni, chukua rula upime kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake. Cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na moja ya nane, imekwisha, na yaelekea meno ya friwili yamekwisha pamoja nayo. Usiikatae baiskeli kwa hilo, bali punguza bei.

Nambari ya fremu mara nyingi imepigwa chini ya krenki. Hakikisha haijakwaruzwa, na iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji. Sisi wa mpakani tuna sababu ya ziada. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na wengi wanadhani kwamba tangu hapo kila kitu hupita bure. Sivyo. Unafuu wa wafanyabiashara wadogo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya au Japani haimo. Ukiinunua upande wa pili, uliza forodha kabla ya kuivusha, na utembee na risiti.

UKIPATA AJALI NJIANI

Jambo hili ni zito na halizungumzwi vya kutosha. Busia na Tororo tunakaa karibu, lakini sheria zetu si moja.

Kwa upande wa Uganda, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inahesabu ajali iliyompata mfanyakazi akisafiri moja kwa moja kwenda au kutoka kazini kuwa ni ajali ya kazini. Lakini ni juu ya mfanyakazi kuonyesha kwamba safari ilikuwa ya moja kwa moja. Ukipitia sokoni au kwenye pombe, umejitia matatani.

Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inaitaja safari ya kwenda na kurudi kazini pale mfanyakazi anapochukuliwa na gari lililotolewa na mwajiri. Mwenye baiskeli yake mwenyewe asidhani amefunikwa vile vile. Ndiyo maana tunasema jambo hili liingizwe katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja, pawe na bima kwa wanaokwenda kazini kwa baiskeli.

Wakati huo huo tujilinde. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima kwa wa zamu ya usiku. Kitambaa au fulana inayong'aa ni bei ndogo kuliko jeneza. Usimpite dereva wa lori kwa upande wake wa kushoto anapotaka kukata kona, maana hakuoni.

TUNALOWEZA PAMOJA

Mtu mmoja akienda dukani huuziwa bei ya mtu mmoja. Wanachama 30 wa tawi moja wakienda pamoja, wakiwa wamekubaliana aina moja ya baiskeli, watapata punguzo, na fundi atajua kuweka vipuri vya aina hiyo. Chama cha akiba na mikopo kinaweza kutoa mkopo wa baiskeli wa miezi sita au kumi. Tukumbuke tu kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja ni ya nyumbani, isiguswe.

Haya si mambo ya kuota. Uingereza wana mpango wa namna hii tangu mwaka 1999: mwajiri hununua baiskeli, mfanyakazi hulipa kidogo kidogo kutoka mshahara wake, na serikali husamehe sehemu ya kodi. Kodi ina nguvu. Kenya ilipopunguza ushuru wa baiskeli kutoka asilimia 80 hadi 20, kati ya mwaka 1986 na 1989, mauzo yaliongezeka sana katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo vyama vyetu vya pande zote mbili vina la kuziambia serikali zetu.

Kwa mwajiri, madai yetu ni madogo. Banda lenye paa na mlinzi, pampu moja na seti ya spana getini, na mahali pa kunawa kwa waliofika na vumbi. Banda la baiskeli 50 halichukui nafasi kubwa kuliko magari machache ya wakubwa. Mwenye kiwanda naye anafaidika, kwani mfanyakazi mwenye baiskeli hachelewi kwa sababu pikipiki zimegoma au petroli imepanda.

Kila tawi liweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao. Mwakilishi wa wafanyakazi aandike ni wangapi wanaokwenda kazini kwa miguu, wangapi kwa pikipiki, na kila mmoja hulipa kiasi gani kwa mwezi. Orodha hiyo ikiwa mezani, mwajiri hataweza kusema kwamba hajui nauli inakula kiasi gani cha mshahara anaotulipa.